Mzee wa Tanga Aliyewavunja Mbavu Watu wa Ziwa

Mwaka 2018 sherehe za kitaifa za Nane Nane zilifanyika Kanda ya Ziwa, katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, mkoani Simiyu. Ilikuwa Jumatano. Wakulima wa pamba, wafugaji, mama lishe na wachuuzi waliokuja kutoka Magu, Lamadi na Mwanza walikuwa wanafungasha, wengine wameshadandia magari ya kurudi makwao. Usiku ndipo taarifa ikaingia kutoka Hospitali ya Taifa ya Muhimbili: Amri Athumani, mzee wa vichekesho aliyejulikana nchi nzima kwa jina la King Majuto, amefariki dunia. Alikuwa na miaka 70.

Wengi hawakuamini mara moja, na walikuwa na sababu. Majuto alishazushiwa kifo zaidi ya mara moja, kila mara akajitokeza mwenyewe mzima wa afya na kufanya uvumi huo kuwa kichekesho kingine. Safari hii simu zilizidi kuita, redio zikathibitisha, na watu wakaanza kukumbushana.

Jambo la kujiuliza ni kwa nini msiba huo uliingia ndani kiasi kile kwenye nyumba za Kirumba, Igoma, Nansio na Sengerema. Majuto hakuwa mtu wa ziwa. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaishi na upepo wa bahari, akazungumza Kiswahili cha Tanga mpaka mwisho. Alikuwa Mwislamu wa pwani, mzee wa kofia na kanzu, asiyefanana kwa lolote na mvuvi wa sangara wala mchunga ng'ombe wa Misungwi. Hata hivyo watu wa huku walimlilia kama babu yao.

Sehemu ya jibu ni ya zamani kuliko Majuto mwenyewe. Mwaka aliozaliwa, mkonge ndio uliokuwa mfalme wa Tanga. Mashamba yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo pwani, na miaka minne kabla, mwaka 1944, wenye mashamba walikuwa wameanzisha SILABU, ofisi yao ya kukusanya vibarua kutoka bara. Vijana wa Unyamwezi na Usukuma walikuwa miongoni mwa waliosafiri kwenda kuwa manamba, wakakata mkonge, wakarudi na blanketi, baiskeli na maneno ya Kiswahili. Wengine hawakurudi kabisa. Wazee wa Usukuma waliijua Tanga kabla ya kuijua Dar es Salaam, na waliijua kwa jasho. Tena watu wa bara na watu wa pwani walikuwa na utani wao tangu enzi za misafara ya wapagazi, utani wa kuchambana bila kukasirikiana, hata msibani. Kwa hiyo mzee wa kipwani anayejifanya mjanja halafu akaumbuka alikuwa mtu anayefahamika huku. Mtani wako akianguka, unacheka kwanza, kumwinua baadaye.

Sehemu nyingine ya jibu iko uwanjani. Usukumani ngoma ni mashindano. Vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vimekuwa vikichuana kwa vizazi, hasa baada ya mavuno, na mchuano mashuhuri zaidi ni ule wa Bulabo, unaofanyika mwezi Juni pale Bujora, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Makundi mawili huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni yule anayewavuta watu wengi zaidi upande wake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji wakichoka, wanageuza migongo na kuhamia kwa mwenzako, mshindwa anabaki na ngoma zake na aibu yake. Ndiyo maana kila kundi hutafuta kituko: mwenye nyoka shingoni, mwenye fisi, anayekula moto, anayejifanya mgonjwa akafufuka katikati ya mbina, yaani ngoma. Mtu aliyekulia kwenye uwanja wa namna hiyo ni mtazamaji mkali. Habembelezwi kucheka. Majuto alipofika mbele yake, alifika kwa mtu anayejua kazi.

Majuto mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alianza kuigiza mwaka 1958, akiwa mtoto wa miaka kama kumi. Kuanzia hapo hadi jina lake kusambaa nchi nzima ilipita miaka mingi ya majukwaa, kipindi ambacho kichekesho kilikuwa kipande kifupi cha kujazia onyesho. Vikundi vya utamaduni vya zama hizo, kama Muungano cha Norbert Chenga kilichoanza 1980, na baadaye TOT iliyoundwa na CCM mwaka 1992, vilitoa onyesho la saa nyingi: ngoma, sarakasi, mazingaombwe, taarabu, na katikati vichekesho. Hapakuwa na maandishi. Waigizaji walikubaliana kisa nyuma ya pazia, wakapanda na kukijaza kwa ulimi na mwili. Wasomi wa chuo hawakuipa sanaa hiyo heshima kubwa. Watazamaji waliolipa kiingilio waliipa.

Huko ndiko walikokomaa watu kama Said Ngamba, yaani Mzee Small. Lakini umaarufu wa jukwaa ulikuwa na mpaka wake. Uliishia pale sauti ya mchekeshaji ilipoishia. Mtu wa Ukerewe ambaye hajawahi kuvuka maji kwenda ukumbini alikuwa na redio tu, na Redio Tanzania Dar es Salaam ilimletea Pwagu na Pwaguzi, ambao walichekesha kwa ndimi zao. Mtu alicheka akiwa anapara samaki, hajaona sura ya hata mmoja wao.

Majuto asingeweza kupita njia hiyo. Nusu ya kazi yake ilikuwa machoni, midomoni na miguuni. Alihitaji kuonekana, na Tanzania Bara ilikuwa haina televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ya rangi kabisa, lakini serikali ya Mwalimu Nyerere upande wa bara iliihesabu kuwa anasa kwa nchi yenye mahitaji mengine. Mpaka mwaka 1994, ITV ilipowasha mitambo Dar es Salaam, mkazi wa Mwanza mwenye seti nyumbani aliitumia kwa mikanda ya video. Mwanza yenyewe ikaja kuwa na kituo chake, Star TV, mwaka 2000, chini ya Sahara Communications, kampuni ileile yenye Radio Free Africa.

Hapa ndipo historia inapochukua kona. Majuto anatajwa kuwa mchekeshaji wa televisheni, na kweli alikuwa. Lakini watu wengi wa mwambao wa ziwa hawakumpata kwenye ratiba ya kituo chochote. Walimpata kwenye vibanda umiza.

Kibanda cha video cha kambi ya wavuvi kilikuwa na kuta za mabati au magunia, mabenchi ya mbao zilizobaki kwenye kutengeneza mitumbwi, na mbele kabisa televisheni iliyofungiwa ndani ya sanduku lenye kufuli. Jenereta lilinguruma nyuma. Mwenye kibanda alisimama mlangoni akipokea hela, na nje aliandika kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Kazi ya dagaa ilikuwa na kalenda yake iliyomfaa sana mwenye kibanda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikishapevuka, mwanga wa taa hauwavuti samaki, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo kila mwezi ziliingia siku ambazo kambi nzima ilikuwa na vijana wenye fedha kidogo mfukoni na usiku mzima wa kuumaliza. Vibanda vilijaa. Filamu za mapigano za Hong Kong na Marekani zilianza, kisha zikaja za Nigeria, na zilipokuja za Kiswahili, Majuto alikuwa tayari humo.

Kuna jambo dogo linalofaa kutajwa. Filamu za kigeni kwenye vibanda hivyo zilihitaji mtu wa kuzitafsiri, ufundi ulioshamiri kwanza Uganda, ng'ambo ya ziwa, kisha ukaingia Tanzania na kuwapa umaarufu watu kama Lufufu. Mtafsiri alizungumza juu ya sauti za waigizaji, akaongeza chumvi zake, akawapa wahusika majina ya mitaani. Mtazamaji alicheka maneno ya mtafsiri wakati mwigizaji mwenyewe akilia. Kwa Majuto mtafsiri alipumzika. Watu walimsikia kwa sauti yake, na Kiswahili chake cha Tanga, chenye kuvuta maneno, kilikuwa kichekesho cha ziada kwa masikio yaliyozoea Kiswahili cha Kisukuma.

Njia nyingine ilikuwa barabara. Basi la Mwanza kwenda Dar es Salaam lina zaidi ya kilomita 1,100 za kukata, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Abiria ni mchanganyiko unaomsumbua kondakta: mama mwenye watoto, shehe, mlokole, kijana wa chuo, mzee anayepelekwa Muhimbili na mwanawe. Akiweka filamu ya mapanga, wazee wanalalamika. Akiweka muziki wa viuno, walokole wanalalamika. Akiweka Majuto, basi linatulia kidogo, halafu linaanza kutikisika kwa vicheko, na hata dereva anatupa jicho kwenye kioo. Ni haki kusema pia kwamba si kila kichekesho cha Majuto kilikuwa cha kutazama ukiwa umekaa na mkwe wako. Mzee alikuwa na mdomo, na baadhi ya visa vyake vilimfanya baba mzima ajifanye anatazama nje, akihesabu mawe ya Singida.

Alichekesha kwa nini hasa? Mhusika wake alikuwa karibu yuleyule: mzee aliyepaswa kuheshimiwa lakini tamaa inamzidi. Mchoyo wa fedha, mkware, mwenye wivu, mwoga anayejifanya jasiri. Katika jamii ambayo kijana huanza na shikamoo kabla ya neno lolote, kumwona mzee wa umri ule akikimbia uchochoroni ameshikilia msuli usimwanguke ilikuwa ruhusa adimu. Watoto walicheka ambacho wasingethubutu kukicheka nyumbani.

Lakini wapo wazee wengi waliojaribu kuchekesha kwa kukimbia, na hawakufika popote. Tofauti ya Majuto ilikuwa subira yake. Alipoambiwa habari mbaya hakupiga kelele palepale. Aliganda. Macho yalitangulia kuelewa, kisha mdomo ukaanza kufunguka polepole, kisha shingo, na mtazamaji alicheka kabla neno halijatoka kwa sababu aliiona ikija. Akidanganya, mwili wake ulikuwa unakiri: mkono unachezea ukosi, mguu umeshageukia mlangoni. Banamhala, wazee wa Usukuma ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu walimfuata bila shida, kwa sababu habari zote zilikuwa zimeandikwa usoni. Katika uwanja wa Bulabo, Bagika au Bagalu wangegombania mtu kama huyo.

Uzeeni mwake alifanya jambo ambalo wakongwe wengi hushindwa: alicheza na vijana bila kuwameza wala kumezwa. Kuoanishwa kwake na Sharo Milionea, Hussein Mkiety, kulileta kizazi kipya cha watazamaji. Mmoja mzee wa msuli, mwingine kijana wa kujiremba na madaha ya mjini. Hawakuhitaji kisa kikubwa, kusimama kwao pamoja kulitosha. Sharo alikufa katika ajali ya gari Muheza, Tanga, Novemba 26, 2012, na mzee akabaki kumzika kijana. Mwaka huohuo, Aprili 7, Kanda ya Ziwa ilikuwa imempoteza nyota wake wa filamu, Steven Kanumba, aliyekulia Shinyanga. Mzee Small alifuata Juni 7, 2014. Na ng'ambo ya ziwa Wakenya walimpoteza Mzee Ojwang, Benson Wanjau, Julai 12, 2015. Huyu naye anastahili kutajwa na watu wa ziwa: kwa miaka mingi, pamoja na Mama Kayai katika Vitimbi ya KBC, aliigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi iliyokolea kiasi kwamba wapo walioshangaa kusikia kwamba alikuwa Mkikuyu.

Mwanza nayo ilikuwa na vichekesho vyake. Star TV ilirusha Futuhi, kipindi kilichotengenezwa hapahapa kwenye jiji la mawe, na vijana wa Mwanza wakaona mitaa yao kwenye skrini kwa mara ya kwanza bila kusubiri ajali au ziara ya kiongozi. Dar es Salaam ilikuwa na Ze Comedy, baadaye Orijino Komedi, na ITV ilikuwa na Mizengwe. Ushindani ulikuwa mkali. Mwanzoni mwa 2013 mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa kwenye miji mikubwa, ving'amuzi vikaingia sebuleni na chaneli zikawa nyingi kuliko muda wa kuzitazama. Majuto hakuzeeka sokoni. Matangazo ya biashara yalimtaka, na sura yake ikauza bidhaa.

Ndipo ilipojulikana kwamba sura ile haikuwa ikimlisha mwenyewe ipasavyo. Alipougua, na ugonjwa ukaanza kula akiba, wananchi walishangaa kuona mtu aliyekuwa kila mahali anahitaji kuchangiwa. Mwaka 2018 alipelekwa India kwa matibabu kwa msaada wa Serikali, akarejea. Mwaka huohuo Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya Majuto ndiyo iliyochokoza suala lile. Ni jambo la aibu kwamba ilibidi alale kitandani ndipo mtu asome karatasi alizosaini akiwa mzima.

Na aibu hiyo haiwahusu wenye kampuni peke yao. Wapenzi wake wa mwambao wa ziwa nao wamo. CD zilizouzwa kwa kutandazwa chini pale Kirumba na kwenye stendi, zenye filamu nyingi zilizobanwa kwenye diski moja, hazikumpelekea mzee hata senti. Stempu za kodi zilipoanza kubandikwa kwenye kazi za sanaa mwaka 2013 ilitarajiwa hali ingebadilika; machinga wakaendelea, kisha memori kadi na vibanda vya kujaza nyimbo na filamu kwenye simu vikamaliza kazi. Kibanda cha kambini hakikumlipa. Basi halikumlipa. Njia zilezile zilizompeleka kwa watu ndizo zilizomnyima haki yake, na mtu akiitaja habari ya kwanza kwa furaha bila kuitaja ya pili anakuwa amesema nusu.

Majuto aliagwa Dar es Salaam katika viwanja vya Karimjee, akasafirishwa hadi Tanga na kuzikwa huko. Rais John Magufuli, mtu wa Chato, kandokando ya ziwa hilihili, alituma salamu za rambirambi. Huku Mwanza wasioweza kusafiri walifanya walichoweza: wenye vibanda walimrudisha kwenye ratiba, na watu wakaketi kumtazama marehemu wakiwa wanacheka, ambalo kwa desturi za utani si kosa hata kidogo.

Kumbukumbu zenyewe zinatofautiana kwa umri. Waliokuwa watoto kwenye miaka ya 2000 wanamkumbuka kupitia dirisha la jirani mwenye televisheni, wakichungulia wamepandiana migongo. Wavuvi wanamkumbuka kwa kisiwa walichokuwa wamepiga kambi. Wengi hawakumbuki jina la filamu hata moja, na anayejaribu kusimulia kisa huishia kusimama na kuigiza ile sura, kwa sababu maneno hayatoshi. Oktoba 2018, miezi miwili tu baada ya mazishi, WhatsApp ilileta stika, na uso wa Majuto ukaingia humo. Mtoto wa shule wa Nyegezi ambaye hajawahi kuona filamu yake hata moja humtumia mwenzake ule mdomo uliofunguka na kueleweka bila kuandika neno.

Hilo ni zuri, lakini linatisha kidogo. Stika haina mwaka, haina jina la filamu, haina jina la aliyeshika kamera wala la mwigizaji aliyesimama pembeni. Kazi za zama za mikanda zinaoza: utepe unashika ukungu, CD zinakwaruzika, na unyevu wa ziwa hausaidii. Vipande vinavyozunguka mtandaoni vimekatwa, vimepachikwa muziki mwingine, na majina ya mwisho wa filamu yameondolewa kabisa. Wanaoandika historia ya vichekesho vya Kiswahili watahitaji filamu nzima, pamoja na majina ya wote walioshiriki. Kwa hiyo mwenye kibanda cha zamani Mwaloni, Nansio au Kamanga, na kondakta mstaafu mwenye sanduku la CD uvunguni, wasizitupe. Waandike juu ya kila moja jina la filamu, mwaka kama wanaukumbuka, na mahali walipoionyesha, kisha watafute maktaba au kituo cha televisheni kitakachokubali kuzipokea na kuzihifadhi.